Makaburi Yaliyoitwa Eneo Wazi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye mizani yake haiyumbi na macho yake hayachoki, anayejua uzito wa chembe iliyo chini ya mwamba kama anavyojua uzito wa mlima. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, ambaye watu walimkabidhi amana zao hata kabla hawajaukubali ujumbe wake. Baada ya kumshukuru Mola aliyenipa umri wa kufika, miguu ya kwenda na afya ya kurudi, napenda kuwasimulia jamaa zangu wa Pangani, hasa kinamama wa chuo chetu cha Kurani mlionisomea dua, habari za safari yangu ya Mapinga.

Niliondoka kwa sababu ya maneno mawili. Athumani, mtoto wa marehemu dada yangu, alinipigia simu baada ya alasiri. Akanisalimu, akaniuliza hali ya magoti, na salamu zilipokwisha akanieleza. Shamba la ukoo wetu liko Mapinga, kwenye njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, na sasa limo ndani ya ardhi inayotakiwa na kampuni moja kujengwa maghala. Kampuni ilikuwa imemleta mthamini, yaani mtu ambaye kazi yake ni kupita na kuandika kila kilichopo, nyumba, mnazi, kisima na kaburi, na kukipa kila kimoja thamani yake. Huyo bwana alikuwa amekwisha pita. Mahali walipolala mama yangu, bibi yangu na wazee wetu wengine aliandika "eneo wazi".

Nikamuuliza Athumani, "Eneo wazi ndiyo nini, mwanangu?"

"Ndiyo hapana kitu, mama mdogo. Kama uwanja wa mpira."

Akanieleza kwamba pakiandikwa makaburi, kampuni italazimika kupaacha na kupazungushia uzio, au kuwahamisha marehemu kwa heshima, ndugu na masheikh wakiwapo. Pakibaki eneo wazi, tingatinga litapita. Mthamini angerudi Alhamisi kusikiliza wenye malalamiko, na baada ya hapo angefunga kazi yake.

Sasa nataka mjue jambo moja kabla sijaanza njia. Mimi siwadharau watu wenye kazi ya kupima. Na mimi ndiyo kazi yangu. Nimekaa umri wangu wote juu ya mkeka nikimsikiliza mtoto anasoma, nikimwambia umepata au nikimwambia rudia. Asipokuwapo mkaguzi wa nyama, watu watalishwa kibudu; asipokuwapo kadhi, yatima atanyang'anywa. Kupima ni amana kubwa. Lakini sijapata hata siku moja kumwambia mtoto umekosea kabla hajafungua kinywa. Hilo ndilo lililonitia hasira, na hasira hiyo niliibeba pamoja na kikapu changu.

Jumatatu, alfajiri, Pangani. Nilipomaliza kuswali nilipanda basi la Muheza, na kutoka hapo basi kubwa linalokwenda Dar es Salaam. Barabara ilikuwa njema, namshukuru Mungu, na dereva hakuwa na haraka ya kutukutanisha na Mola wetu. Tulipita Segera, tukateremka mpaka Msata, na hapo basi likakata kushoto kuishika njia ya Bagamoyo. Kiwangwa tuliona mananasi yamepangwa kando ya barabara kama vichwa vya watu waliokaa kusikiliza hotuba. Abiria walinunua kupitia madirishani. Mimi sikununua, wala sikujua kwamba kabla ya Ijumaa ningekuja kupatafuta hapohapo kwa udi na uvumba.

Jioni, Bagamoyo. Nilichukua bajaji kutoka stendi mpaka Mji Mkongwe kwa Bi Rukia, niliyesoma naye chuo tulipokuwa wasichana. Alinipokea kwa wali wa nazi na changu wa kupaka, akanikanda miguu kwa mafuta ya nazi, Mungu amlipe. Nilipomweleza habari yangu hakushangaa hata kidogo. Akaninyooshea kidole mlango wa nyumba yake, ule mlango wa nakshi uliochongwa zamani za babu wa mumewe.

"Unauona huo? Alikuja bwana mmoja, akasema yeye ni mjuzi wa vitu vya kale. Akaugonga kwa kidole kimoja. Akasema, 'Bi mkubwa, huu mchwa umeshaumaliza, hauna maana. Nitakusaidia kukuondolea.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kama hauna maana, basi tunafanana, atuondoe sote wawili. Wiki ya pili akarudi na gari la mizigo na mafundi na magodoro ya kuufungia usikwaruzwe. Mlango wenye mchwa huo! Nikamwambia mchwa nimewazoea, niachie."

Tulicheka. Lakini nilipolala nililifikiri jambo lile. Yule bwana aliijua thamani ya mlango, akaificha. Huyu wangu wa Mapinga hakuificha, hakuitafuta. Sikujua yupi kati yao atakuwa na hesabu nzito zaidi mbele ya Mola wake, na mpaka sasa namwachia Mwenyewe.

Jumanne, asubuhi, Mapinga. Mji umekua. Palipokuwa na minazi mitupu sasa pana kuta za matofali, mageti ya chuma na vibao vya viwanja vinauzwa. Watu wanaondoka alfajiri kwenda kazini Dar na kurudi usiku. Jirani hamjui jirani. Athumani alinipokea barabarani. Yeye mwenyewe ni mtu wa kuhamia, alizaliwa na kukulia mjini, akaja kuishi shambani alipostaafu udereva. Shamba alilikuta, wazee hakuwakuta.

Njia ya kuingilia nyumbani kwake ilinipendeza. Ilikuwa imefagiliwa, na pande zote mbili imepangwa mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa nyeupe. Nikamsifu. Alisimama, akavua kandambili moja akaivaa tena.

"Mama mdogo, hayo mawe ndiyo yenyewe."

"Ndiyo yenyewe gani?"

"Ya makaburini."

Hapa yafaa niwaeleze wageni wa mila zetu. Wazee wetu hawakujengea makaburi kwa saruji, wala hawakuandika majina. Waliweka jiwe moja kichwani na jiwe moja miguuni, basi, wakamwachia Mungu kukumbuka. Athumani aliposikia mthamini anakuja alifanya kama tulivyofunzwa sote, kwamba mgeni akija hukuta pamesafishwa. Akayaondoa mawe ili afyeke nyasi na kuchoma visiki, kwa nia ya kuyarudisha. Alipomaliza kufagia akatazama, asijue tena lipi lilikuwa wapi. Akaona haya kuyarundika kama takataka. Akayapaka chokaa na kuyapanga njiani, angalau yaheshimike.

"Nikampeleka mthamini mpaka pale," akasema. "Nikamwambia, bwana, hapa ndipo makaburini. Akaniuliza yako wapi. Nikamwambia ndiyo hapa umesimama. Akacheka, akasema yeye anaandika anachokiona."

Nilikaa juu ya gogo. Sikumgombeza. Nitamgombezaje mtu kwa kufagia? Lakini moyo ulinichemka kwa yule mwingine. Mtu amesimama juu ya mama yangu, ameambiwa amesimama juu ya mama yangu, na ameandika kuwa amesimama pasipo na kitu. Hakuuliza nani alizikwa. Hakuuliza nani alizika. Daktari humuuliza mgonjwa panapouma, na hata fundi viatu hukuuliza unakanyagaje.

Tukaenda mpaka mahali penyewe. Uwanja mweupe, umefagiliwa mpaka umebaki na alama za ufagio. Pembeni palikuwa na kisima na kisiki cha mkorosho. Ule mkorosho ulipokuwa mzima ndipo nilipokuwa nasimama kila nilipokuja, nasoma Fatiha, narudi. Ndani sikuingia. Siku aliyozikwa mama, sisi wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo kwetu, tukaisikia sauti ya wanaume ikienda na jeneza na kupotea nyuma ya minazi. Kwa hiyo mimi, mtoto wake wa kumzaa, ningeulizwa kaburi la mama yako ni lipi, nisingeweza kuonyesha.

Adhuhuri akaja mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa makamo, mpole, anayetembea na mwavuli. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Akasema, "Mama, mimi nawaamini. Lakini yule bwana anataka shahidi aliyeshuhudia mazishi kwa macho. Nani yu hai?"

Tukawataja waliozika, mmoja mmoja, na kila tuliyemtaja tulimwombea rehema. Mpaka nikamkumbuka Kibwana.

Mzee Kibwana ni Mkwere, na ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Kwenye misiba yetu walikuja kuchimba kaburi, na kwenye misiba hiyohiyo walikuja kutania. Walimuigiza marehemu, walidai vitoweo, waliingia hata kaburini wakagoma kutoka. Nasema kweli, utani wa makaburini sikuupenda. Nimewafundisha wanawake miaka mingi kwamba kaburi ni mahali pa mazingatio. Lakini nilikumbuka kwamba kwenye maziko ya mama, Kibwana alikuwapo, na baba yangu alirudi nyumbani kichwa wazi.

Jumatano, Kiwangwa. Nilirudi kwenye njia niliyopita juzi, safari hii na Athumani. Tuliposhuka tulimuuliza muuza mananasi, naye akatuelekeza njia ya mchanga mwekundu. Tulimkuta Mzee Kibwana katikati ya shamba lake, ameinama, anapalilia, miiba ya mananasi imemkwaruza mikono. Alipojinyoosha na kunitazama, uso haukubadilika.

"Kumbe hujafa," akasema. "Nami jembe nimelinoa mara tatu bure."

"Nitangulie wapi, na wewe ndiye uliyeiva mpaka nzi wanakufuata?"

"Nzi wamefuata mananasi. Wewe ulichukuliwa ukapelekwa Pangani kwa sababu hapa hakuna aliyekutaka, sasa umerudi kuombaomba?"

Athumani alitahayari, akadhani tunagombana. Nikamwambia anyamaze, hizi ndizo salamu. Tulipomaliza kutukanana kama inavyopasa, mzee akatukalisha kwenye kivuli cha banda, akatukatia nanasi, na mimi nikamweleza. Hapo uso wake ulibadilika.

"Eneo wazi," akasema. "Mimi nililala humo."

"Ulilala wapi?"

"Kaburini kwa mama yako. Nilitangulia mimi, yeye akafuata. Tulipokwisha kuchimba nikajilaza nipime kama pananitosha. Nikawaambia wenye msiba, sitoki. Mama huyu alikuwa ananipa muhogo wa nazi, leo mnanipa nini? Watu wanalia na kucheka. Baba yako akavua kofia yake ya kazi ya mkono, akanivisha humohumo shimoni. Ndipo nikatoka."

Nilikuwa sijui. Baba hakusema alikoiacha kofia, na sisi hatukumuuliza.

Akaendelea, "Na tena kaburi lile si la kwanza kuchimbwa siku ile. Tulianza pembeni kidogo, jembe likagonga jiwe likavunjika shingo. Wazee wakasema jembe lililovunjikia mazikoni lisirudi nyumbani. Tukaliacha shimoni tukafukia, tukasogea upande wa kibla, tukachimba jingine. Jiwe lile halijaondoka, nani angeliondoa?"

"Utakuja useme hayo mbele ya mthamini?"

"Nitakuja. Ila ukumbuke, nikiingia kaburini sitoki bure."

Nikamwambia, "Kibwana, muogope Mungu, sisi ni wazee."

Akanijibu, "Namuogopa. Ndiyo maana nakuja."

Alhamisi, asubuhi, Mapinga. Kibwana alisimama penye kisiki cha mkorosho, akakipa mgongo kisima, akatazama chini mpaka nikadhani amesahau. Kisha akaenda, polepole, akachora mstari chini kwa fimbo. Mimi nilikuwa na hofu tusije tukafukua watu, nikasoma kila nilichokijua. Athumani akachimba kwa taratibu, udongo ukiondolewa kwa mikono. Jiwe likatokea, la matumbawe, pana kama meza. Ubavuni mwake palikuwa na jembe, limeliwa na kutu, shingo imevunjika. Kibwana akalitazama akasema, "Umezeeka vibaya kuliko mimi."

Kutoka shimo lile akatuonyesha upande wa kibla. "Hapa mama yako. Kichwa upande wa bahari. Baada yake bibi yako, nilimzika nikiwa kijana. Wengine wanafuata hivi, safu moja." Nikasimama ukingoni, kama nilivyozoea, miguu ikakataa kwenda mbele.

Mthamini alifika jua limeshakuwa kali. Kijana nadhifu, koti la kung'aa, kofia yenye ukingo, kishikwambi mkononi. Gari lake aliliacha linanguruma, ubaridi usitoke. Alinipa shikamoo kwa adabu, sina budi kusema hivyo. Mwenyekiti akamweleza habari yote, na Kibwana akasimulia yake. Mthamini akasikiliza huku akitazama saa.

Kisha akatazama shimoni bila kuinama. "Bibi, nawaelewa. Lakini jembe ni jembe. Jembe si kaburi. Mimi naandika ninachokiona."

Nikamuuliza, "Mwanangu, ule mnazi mrefu kule umeuandikaje?"

"Ule umezeeka, hauzai tena. Upo kundi la mwisho."

"Ulijuaje hauzai?"

"Tuna utaratibu wake."

"Uliuliza mwenye mnazi?"

Akageuza macho kwenye kishikwambi. Nikamwambia, "Na mimi, ulivyoniona, utaniweka kundi gani?"

Watu waliosogea wakacheka, yeye akatabasamu. Lakini mimi sikuwa nachekesha. Nilimwambia maneno ambayo nayarudia hapa ili yabaki. Nikamwambia: "Wewe umepewa kalamu ambayo ukiandika kitu kipo, kinakuwapo, na ukiandika hakipo, kinabomolewa. Sisi wengine wote hapa hatuna kalamu hiyo. Aliyepewa kalamu kama hiyo haimjuzu kusema naandika ninachokiona tu. Aongeze hatua. Ainame. Aulize. Makosa ya Athumani ni ya kufagia. Yako ni ya nini? Umeonyeshwa shahidi, umeonyeshwa jiwe, umeonyeshwa jembe, na hujainama hata mara moja."

"Bibi, mimi natumwa tu."

"Mizani nayo hutumwa. Ikikosea huitwa mbovu."

Akaanza kufunga kishikwambi chake. Nikaona mambo yamekwisha. Nikaanza kumwomba Mungu anipe subira ya kuona tingatinga.

Ndipo Mzee Kibwana alipoiweka fimbo yake chini, akaingia shimoni, akajilaza juu ya lile jiwe ubavu wa kulia, akajifunika kanzu yake usoni.

Mwenyekiti akasema, "Mzee Kibwana, jamani."

Sauti ikatoka chini ya kanzu. "Sitoki. Mwenye msiba huu ni nani?"

"Mzee, toka, jua kali," mthamini akasema.

"Wewe ndiye uliyekuja kutuzika, basi wewe ndiye mwenye msiba. Nipe changu nitoke. Huyu mama alinilisha muhogo wa nazi, wewe utanilisha nini? Gari lako linakula mafuta bure huko, na mimi nina usingizi wa miaka mingi."

Watu walikuwa wameshajaa, wenyeji na hata wahamiaji wa viwanjani waliokuwa nyumbani siku ile. Wenyeji walianza kucheka kile kicheko cha msibani, na mwanamke mmoja mtu mzima akaanza kulia, sijui akimlilia nani. Mthamini alijaribu kumshika mkono mzee amwinue. Kibwana akajifanya mzito kama gunia la chumvi. Kijana akacheka kwa kutahayari, akatazama huku na huku.

"Sasa anataka nini?"

Mwenyekiti akamwambia, "Mtani hagharimu. Chochote kilicho mwilini mwako. Kofia inatosha."

Kijana akavua kofia yake, akainama, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona ameinama tangu afike. Akamvisha mzee. Kibwana akafunua uso, akaigusa kofia, akainuka akijikung'uta mchanga. Kisha akawageukia watu. Utani ulikuwa umekwisha usoni mwake.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Mtani hulipwa kaburini. Halipwi sokoni, halipwi uwanja wa mpira. Huyu bwana amenilipa. Basi amekiri mwenyewe hapa ni wapi."

Mwenyekiti akafunga mwavuli wake. "Bwana, kwa mila ya hapa umekwisha kuhukumu. Na mimi nitatia sahihi kwamba nimeshuhudia."

Kijana alisimama kichwa wazi juani. Angeweza kucheka na kwenda zake. Hakuna sheria ya kofia. Lakini alibaki ukingoni mwa shimo, akachutama, akaliokota lile jembe. Akaligeuzageuza, akapitisha kidole pale lilipovunjika. Akamuuliza Kibwana, "Lilivunjika mkichimba la nani?" Kibwana akamjibu jina la mama yangu. Akauliza, "Na anayefuata?" Akajibiwa. Akaenda na mzee safu nzima, akiuliza, akiandika, na gari lake likazimwa.

Alipomaliza nikamwita. Nikamwambia, "Nisomee ulichoandika."

Akasoma, kwa sauti ndogo. "Makaburi ya ukoo."

"Rudia."

Akanitazama. Akarudia kwa sauti, kama wanavyorudia watoto wangu, na kila aliyekuwapo akasikia. Nikamwambia umepata.

Lakini sitawaficha, ndugu zangu, hasira yangu haikuisha siku ile na haijaisha. Nashukuru, na namshukuru Mungu kwa kila mlango anaoufungua, hata uwe wa mzaha. Hata hivyo najiuliza, ukoo usio na mtani je? Nina hakika ziko safu nyingine katika mwambao huu, ziliandikwa eneo wazi na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye gari lenye ubaridi, na hapakuwa na Kibwana wa kujilaza. Haki isiyopatikana ila kwa mwenye bahati ya kuchekesha, hiyo ni sadaka, si haki. Na wanaopunja vipimo wameonywa onyo zito. Sioni kwamba onyo hilo ni la wauza nafaka peke yao.

Alasiri ya siku ileile tukayarudisha mawe. Kila mtu alichukua moja kutoka njiani, chokaa ikituchafua mikono. Kibwana akaja na mawe mawili mkononi, amevaa kofia ya mthamini, akanipa. Nikamwambia wanaume watayaweka. Akaniambia, "Leo hakuna jeneza. Nenda kwa mama yako."

Basi nikaingia. Nilitoa salamu kwa wakaao pale, kama tulivyofundishwa kuwasalimia, nikachutama kwa magoti haya mliyoyaombea dua. Nikaweka jiwe la kichwani upande wa bahari, nikaweka la miguuni. Mkono wangu ulikuwa mweupe mpaka kifundo. Sikulia sana. Nilimwambia tu kwamba nimechelewa, na kwamba kofia ya baba sasa najua ilikokwenda.

Ijumaa, baada ya swala, nilianza safari ya kurudi. Athumani alinisindikiza mpaka Bagamoyo, na njia yake nyumbani sasa haina mapambo. Bi Rukia alinipa kashata za njiani na kunipigisha picha mbele ya mlango wake wenye mchwa. Tulipopita Kiwangwa nilinunua mananasi, yale mliyoyakuta kwangu na mkayasifu utamu.

Nililojifunza ni dogo. Mungu amewapa baadhi yetu kazi ya kusema hiki kina thamani na hiki hakina, iwe kwa kalamu, kwa muhuri au kwa neno "rudia" juu ya mkeka. Tangu nirudi, kabla sijamsahihisha mtoto, nainama kwanza nisogeze sikio. Wengine mnaodhani nimeanza uziwi, sasa mmejua.

Mwenyezi Mungu amrehemu kila aliyelala bila jiwe wala jina, na wewe uliyesoma mpaka hapa akujaalie mizani ya haki siku utakapopima na siku utakapopimwa, akupe watu watakaokumbuka mahali ulipolala, na akutane nawe akiwa radhi. Amina.